Wanajuana au wamekasirika tu? Mwongozo kamili wa kupima utambuzi wa koloni, kuanzia majimoto hadi bakteria

Kwa mtu wa Mombasa anayetaka kupima jinsi viumbe wa koloni moja wanavyotambuana, hakuna pa kuanzia pazuri kama kwa majimoto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani mitini. Ni wakubwa, unawaona bila lenzi. Wamejaa kwenye miembe, mikorosho, mindimu na minazi kuanzia Mtongwe hadi Shanzu, na wakikasirika hawafichi. Kitaalamu wanaitwa Oecophylla longinoda. Tena mipaka yao ilichunguzwa jirani tu na hapa: katika miaka ya 1970, mtafiti wa sisimizi Bert Hölldobler aliwafuatilia Shimba Hills, Kwale, akakuta koloni moja limeshika miti 17.

Wengi wanaojaribu jambo hili huchukua sisimizi wawili, huwatia kwenye kopo, wakiona wanaumana husema "hawa ni maadui". Hapo hujapima kitu. Sisimizi aliyebanwa vidoleni huuma chochote, hata ndugu yake wa tumbo moja. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kutenganisha mambo hayo mawili: kumtambua mgeni, na kuwa na hasira.

Unapima nini hasa

Mwili wa sisimizi umepakwa nta nyembamba yenye haidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na haidrojeni, za aina nyingi. Nta hiyo humzuia asikauke, lakini pia ndiyo kitambulisho chake. Makoloni mawili ya aina moja ya sisimizi kwa kawaida huwa na haidrokaboni zile zile, ila kwa vipimo tofauti. Wafanyakazi hulishana mdomo kwa mdomo na kulambana, na katika aina nyingi zilizochunguzwa iko tezi ya kichwani inayokusanya mchanganyiko huo na kuusambaza tena. Ndiyo maana harufu huishia kuwa ya koloni zima, si ya mtu mmoja.

Wakikutana wawili, kila mmoja humgusa mwenzake kwa papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, na kulinganisha anachonusa na harufu aliyoizoea nyumbani. Kwa hiyo mambo ni matatu: alama aliyonayo mgeni, kumbukumbu aliyonayo mwenyeji, na uamuzi wa mwenyeji. Wasipopigana, huenda alama zinafanana. Huenda pia mwenyeji amechoka, au ametambua vizuri kabisa lakini haoni faida ya kupigana akiwa mbali na kiota.

Chakula nacho huingia. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba sisimizi wa Argentina (Linepithema humile) waliolishwa mende wa aina fulani walichukua haidrokaboni za mende hao, wakarudi wakashambuliwa na wenzao wenyewe. Funzo kwetu ni la moja kwa moja: usiwafuge majimoto nyumbani wiki nzima kwa maji ya sukari halafu ukawapima. Utakuwa unapima jikoni kwako.

Kabla ya kupanda mti

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na umweleze unachotaka. Mzee mwenye miembe atakuonyesha miti yenye majimoto wakali kuliko utakavyoipata mwenyewe kwa siku nzima. Usichukue chochote ndani ya hifadhi, Shimba Hills ikiwemo. Usiguse malkia, na usitume sisimizi hai popote: mwezi Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na sisimizi hai waliokuwa wakisafirishwa kwa magendo, wengi wao malkia. Kama kazi ni ya chuo au ya kuchapishwa, tafuta kibali cha utafiti mapema.

Majimoto huuma, kisha hupulizia asidi ya fomiki kwenye jeraha. Mikono itavumilia, macho hayavumilii. Vaa miwani, fungia shati ndani ya suruali, na usisimame chini ya kiota unachokitikisa.

Vifaa ni vya dukani: makopo ya plastiki yenye vifuniko, poda ya mtoto, brashi laini ya rangi ya maji, karatasi nyeupe nyingi, kalamu, vitambaa vya rangi vya kufungia matawi, na simu yenye kamera na saa. Poda ipake ndani ya kuta za kopo, nusu ya juu. Sisimizi hawawezi kuipanda.

Hatua ya 1: Chora ramani

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo kazi ilipo. Majimoto hushona majani mabichi kwa hariri inayotoka kwa mabuu wao, na koloni moja huwa na viota vingi kwenye miti kadhaa. Malkia huwa kwenye kimojawapo tu. Ukikuta viota vinane kwenye miti mitatu, huna makoloni manane. Huenda unalo moja.

Nenda asubuhi ya siku kavu, kati ya saa mbili na saa nne, kabla jua halijawa kali. Chora miti yote, weka namba, weka alama ya kila kiota. Kisha fuata njia. Wanavuka wapi kutoka mti hadi mti? Tazama matawi yanayogusana, lakini pia tazama waya wa simu, ukuta, na kamba ya kuanikia nguo, ambayo ni barabara kuu ya majimoto katika nyumba nyingi za Kisauni. Wakipita njia moja kwenda na kurudi bila vurugu, andika "huenda ni wamoja".

Halafu tafuta palipo patupu. Kati ya makoloni mawili jirani huwa na ukanda mwembamba usiokanyagwa na upande wowote. Unaweza kuwa tawi moja tu lililokaa bila sisimizi wakati kulia na kushoto wamejaa. Funga kitambaa hapo. Huo ndio mpaka unaoushuku, na ndio utakaoupima.

Hatua ya 2: Kusanya bila kuwatibua

Usipasue kiota. Ukikipasua, kwanza wote wanatoa kemikali za tahadhari na hasira inapanda kabla jaribio halijaanza. Pili, ndani mna wachanga waliotoka kwenye kifukofuko karibuni. Hao bado hawajapata harufu kamili, na mara nyingi hupokelewa hata na koloni geni. Ukiwachanganya, matokeo yako yatayumba na hutajua kwa nini.

Chukua wafanyakazi wakubwa wanaotembea kwenye shina au tawi. Egesha kijiti kikavu njiani, waache wapande wenyewe, kisha kigonge taratibu juu ya kopo. Kumi kwa kila kiota watatosha kwa kuanzia. Kila kiota na kopo lake na kijiti chake. Waache kivulini kama nusu saa watulie, na uwatumie asubuhi hiyo hiyo. Ukilazimika kuvuka na makopo feri ya Likoni, yashike mkononi kwenye upepo, si ndani ya mfuko uliokaa juani.

Hatua ya 3: Tayarisha uwanja

Uwanja ni kopo safi lenye upana wa kiganja, kuta zimepakwa poda, chini pametandikwa karatasi mpya. Karatasi ibadilishwe kwa kila jozi, bila kubania. Majimoto huacha matone ya majimaji ya kahawia kutoka nyuma ya tumbo wanapotembea, na mwaka 1977 Hölldobler na Edward O. Wilson walionyesha kwamba matone hayo ni alama za eneo, na kila koloni lina yake. Sisimizi aliyesimama juu ya alama za kwao huwa jasiri zaidi. Ukitumia jani la mti wa upande mmoja kama sakafu, umeshampendelea mmoja kabla hawajaonana.

Hatua ya 4: Jozi nne, na macho yaliyofumbwa

Panga jozi hizi:

- A: wawili wa kiota kimoja.
- B: wawili wa viota tofauti kwenye miti ambayo njia zao zimeungana.
- C: wawili wa makoloni yasiyo na shaka kuwa tofauti, mathalani shamba moja na jingine lililo mbali.
- D: wawili wa pande mbili za mpaka unaoushuku.

Swali lako ni D, lakini D haisemi kitu peke yake. A wakipigana, sisimizi wako wametibuka. Achana na kazi ya asubuhi hiyo. C wasipopigana, njia yako haioni kitu hata kilipo, labda kwa joto au kwa kuchoka. A wakitulia na C wakipigana, hapo ndipo D inapopata maana.

Msaidizi achanganye mpangilio wa jozi na kuandika namba tu kwenye makopo. Wewe unayetoa alama usijue namba 7 ni jozi gani hadi mwisho. Jicho la mtu anayetarajia vita huona vita.

Fanya angalau jozi kumi za kila aina. Kila sisimizi atumike mara moja tu.

Hatua ya 5: Toa alama

Waweke wote wawili chini ya vikombe vidogo kwa dakika moja, kisha nyanyua vikombe pamoja. Anza kuhesabu dakika tatu tangu mguso wa kwanza, si tangu ulipowaachia. Rekodi kwa simu kutoka juu. Kwa kila mguso andika alama, na mwishoni chukua iliyo juu kabisa:

0: wanapishana kama hawakuonana.
1: wanapapasana, kisha kila mmoja anaendelea na safari.
2: mmoja anaruka nyuma au anakimbia.
3: taya zimefunguka, tumbo limeinuliwa, anamkabili mwenzake.
4: kuumana, kuvutana miguu, kukunja tumbo na kupuliza asidi.

Tofauti kati ya 1 na 3 iko kwenye sekunde ya kwanza, kwa hiyo itazame video polepole. Waliojuana hugusana kwa mapigo mepesi ya haraka, papasi zikicheza kichwani na kifuani, taya zimefungwa, na mara nyingine huishia kulishana. Aliyemshuku mwenzake husimama ghafla. Papasi zake hurudi nyuma au hukakamaa mbele, miguu hutanuka kama anayejipinga, na tumbo huanza kupanda juu ya mgongo kabla taya hazijafunguka. Ukijifunza kuona tumbo linapoanza kupanda, utajua kinachokuja hata kabla ya kuumana.

Wakifika 4, watenganishe kwa brashi mara moja. Huhitaji maiti ili ujue alama.

Hatua ya 6: Soma matokeo

Pigia mstari alama ya katikati ya kila aina ya jozi. Kama A na B ziko 0 au 1, C iko 3 au 4, na D inafuata C, umepata mpaka. D ikifuata A, ule ukanda mtupu una sababu nyingine, pengine moshi wa jiko au dawa iliyopuliziwa. Ukitaka uhakika zaidi bila kompyuta, andika alama za D na za A kwenye vikaratasi, vichanganye, vigawe mafungu mawili ovyo, uone tofauti. Rudia mara mia. Kama kubahatisha kunatoa tofauti kubwa kama yako mara chache sana, una jambo.

Angalizo ambalo hata wenye digrii husahau: jozi arobaini kutoka viota viwili vile vile ni ulinganisho wa viota viwili, si arobaini. Ukitaka kusema lolote kuhusu majimoto wa Mombasa kwa jumla, ongeza viota na mashamba, si sisimizi wa kiota kile kile.

Usitarajie pia kwamba umbali utaongeza ukali. Kwa ndugu zao wa Australia, Oecophylla smaragdina, utafiti wa 2010 ulikuta jirani wa karibu ndiye anayeshambuliwa zaidi kuliko mgeni wa mbali, kwa sababu jirani ndiye anayekunyang'anya mti. Na kuna sisimizi ambao mipaka karibu haipo kabisa. Wale sisimizi wa Argentina walioingizwa Ulaya wana koloni kuu moja lililoenea takribani kilomita 6,000 kando ya pwani. Wa mwisho huu ukimpeleka mwisho ule, anapokewa. Sisimizi wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, ambao utawakuta chini ya minazi na ndani ya nyumba zetu, nao wana tabia ya namna hiyo. Ukiwapima wao ukapata sifuri tupu, usifikiri poda imewaharibu.

Hatua ya 7: Jaribio la aliyekufa

Unataka kujua kama ni harufu au ni mwendo unaowatibua? Mtie sisimizi mmoja kwenye friza hadi afe, mwache arudi kwenye joto la kawaida, umweke mbele ya mwenyeji. Maiti haikimbii wala haitishi. Akishambuliwa, ni harufu. Fanya hivyo hivyo kwa maiti wa koloni lake, ili uwe na cha kulinganishia. Ila fanya siku ile ile. Maiti akikaa hujikusanyia asidi ya oleiki, ambayo kwa sisimizi wengi huwa na maana ya "huyu ni wa kutupwa", na utaona anaburutwa pembeni kwa sababu isiyohusu koloni.

Faida shambani

Majimoto hulinda minazi dhidi ya Pseudotheraptus wayi, mdudu anayefyonza vidaka hadi vikaanguka au vikakua na makovu yenye utomvu. Mkulima anayetaka kuwahamishia kwenye minazi yake lazima ajue koloni ni lipi. Ukining'iniza viota vya makoloni mawili kwenye mnazi mmoja, wataumana hadi wabaki wachache, na mnazi utabaki bila askari. Pima kwanza, hamisha viota vya koloni moja usiku wakiwa ndani, na ukague shina: kama Pheidole wametawala chini, majimoto hawatadumu. Bila kiota cha malkia kundi litadhoofika polepole, na kiota hicho ni kigumu kukipata.

Nyuki: tazama, usijaribu

Nyuki wa pwani si wa kuwekwa kwenye kopo. Kaa kando ya mzinga kwa mbali, si mbele ya mlango, utazame walinzi wakiwakagua wanaotua. Mgeni aliyebeba nekta mara nyingi hupita. Aliyekuja mtupu, kwa nia ya kuiba, hukamatwa. Harufu yao sehemu kubwa inatoka kwenye nta ya masega. Wafugaji wanaijua hila yake: wakitaka kuunganisha makundi mawili, huondoa malkia mmoja na kuweka gazeti kuukuu kati ya masanduku. Nyuki hulitafuna polepole, harufu zinachanganyika, na wanapokutana ana kwa ana wameshazoeana.

Kuvu: mistari myeusi kwenye gogo

Tafuta gogo la mwembe lililoanza kuoza, likatwe kwa msumeno, ulowanishe uso wake. Mara nyingi utaona mistari myembamba myeusi inayojipinda kama ramani ya kaunti. Nyuzi za kuvu wawili wa aina moja zinapokutana hujaribu kuungana. Jeni fulani zisipolingana, seli zilizoungana hufa, na mpaka hujengeka. Lakini kuvu mmoja peke yake pia huweza kujijengea mstari ili asikauke, kwa hiyo mstari si ushahidi.

Ushahidi ni huu: chukua vipande kutoka pande mbili za mstari, vioteshe kwenye sahani yenye supu ya viazi, sukari na agari (unga unaoigandisha supu), kisha panda kando kando upande wa kushoto na kushoto, kulia na kulia, kushoto na kulia. Vaa barakoa. Agari nunua, mwani unaolimwa Kibuyuni hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine.

Bakteria: maabara pekee

Proteus mirabilis husababisha maambukizi ya njia ya mkojo, basi kazi hii ni ya maabara yenye msimamizi, si ya jikoni. Bakteria hawa hutambaa juu ya agari kwa makundi, wakiacha duara ndani ya duara. Mwaka 1946 mtafiti Louis Dienes alieleza kwamba makundi ya ukoo mmoja yakikutana huungana, na ya koo tofauti huacha mstari kati yao. Tangu 2008 tunajua baadhi ya jeni zinazohusika, zinazoitwa ids. Bakteria humdunga jirani protini. Jirani mwenye protini inayolingana nayo huendelea kutambaa, asiyekuwa nayo husimama. Hapa hakuna kulambana wala kuzoeana. Kitambulisho kimeandikwa kwenye jeni, na hila ya gazeti haifanyi kazi.

Dondoshea matone ya makundi mawili kwenye sahani moja, yaachane kama sentimita 3, yaache kwenye nyuzi joto 37 usiku kucha. Kwenye sahani nyingine weka matone mawili ya kundi moja. Soma hiyo ya pili kwanza. Ukiona mstari ndani yake, sahani imekauka au umechanganya chupa. Zote zipelekwe kwenye mvuke wa nyuzi joto 121 kwa dakika 15, na uanze upya na agari mbichi.